Benchi la timu au kliniki yako: fizio anayechagua apime nini

Ligi ikikaribia ukingoni, simu yangu huanza kupokea swali lile lile, fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) akae na timu au aende kwingine, kutoka kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ametoka chuoni karibuni, KCMC pale Moshi au KMTC ya Kenya, ameitwa na klabu na hajui kama akubali au asubiri ajira ya serikali. Wa pili amekaa benchi misimu kadhaa, mkataba unaisha, ameona fremu nzuri Sinza au Eldoret, na anapiga hesabu kama akiba yake inatosha vitanda viwili na kodi ya miezi sita. Wote wawili huanza na pesa. Pesa nitaifikia, lakini sianzi nayo, kwa sababu nimewaona wenzangu waliolipwa vizuri upande mmoja wakaacha, na wengine wanaolipwa kwa kusuasua upande wa pili ambao hata ukiwavuta kwa kamba hawatoki.

Ninachowaambia kwanza ni hiki. Kwenye timu, siku ya mgonjwa ni yako lakini uamuzi si wako. Kliniki, uamuzi ni wako lakini siku ya mgonjwa huna. Mshahara, safari, jina na usingizi wako vyote vinafuata hapo.

Chukua jeraha moja tu, nyama za paja, yaani misuli ya nyuma ya paja. Winga wako ameshika paja kwa nyuma dakika ya 60, ametoka anachechemea. Ukiwa fizio wa timu, kesho saa moja asubuhi yuko kitandani kwako kabla hajanywa chai. Unampima nguvu, unalinganisha na mguu mzima, unajua kalala vipi kwa sababu mwenzake wa chumbani ameshakwambia. Ukitaka umwone mara tatu kwa siku, unamwona mara tatu. Akianza kukimbia na ukaona hatua imekuwa fupi, unamsimamisha palepale. Hakuna kliniki duniani itakayokupa mgonjwa namna hiyo.

Sasa mchukue mtu huyohuyo, ila safari hii ni mhasibu anayecheza mpira wa Jumapili na wenzake wa mtaani. Anakuja mara mbili kwa wiki, dakika arobaini arobaini. Wiki ina saa 168. Wewe umepata moja na ushee. Zilizobaki anakaa ofisini, anaendesha gari kwenye foleni, na Jumapili anaingia kipindi cha pili kwa sababu walipungua. Utakachomfanyia kitandani ni kidogo mno kulinganisha na atakachofanya au kutofanya akiwa mbali nawe. Fizio aliyezoea timu hupata shida hapa kuliko mahali pengine popote, maana mikono yake ni hodari lakini hajawahi kulazimika kumshawishi mtu afanye mazoezi akiwa peke yake. Kwenye timu mazoezi ni amri na asiyefanya anakatwa posho.

Nani anasema arudi uwanjani

Upande wa uamuzi ndio unaowachosha wengi, na ndio ambao kijana wa chuo hauoni akiwa nje. Mchezaji aliyeumia ana wenyewe wengi: kocha anayeogopa kufukuzwa, mwenyekiti aliyetoa ahadi kwa mashabiki, wakala anayetaka aonekane kabla dirisha la usajili halijafungwa, na mchezaji mwenyewe, ambaye bonasi yake inahesabiwa kwa mechi. Wewe ndiye pekee katika kundi hilo ambaye kazi yake ni kusema bado.

Kisa ninachopenda kukitaja si cha kwetu. Agosti 8, 2015, Chelsea wako nyumbani Stamford Bridge dhidi ya Swansea, matokeo 2-2, dakika za nyongeza. Golikipa Thibaut Courtois ameshatolewa kwa kadi nyekundu. Eden Hazard yuko chini. Mwamuzi anawaita watu wa tiba, daktari Eva Carneiro na fizio Jon Fearn wanaingia. Mchezaji aliyetibiwa uwanjani anatakiwa atoke nje kwanza, kwa hiyo Chelsea wakabaki tisa kwa muda. José Mourinho akawasema hadharani baada ya mechi, na wote wawili wakaondolewa kwenye kazi za siku ya mechi. Carneiro akaondoka klabuni mwezi uliofuata. Shauri likamalizika kwa maelewano Juni 2016, na klabu ikamwomba radhi mbele ya watu wote.

Hiyo ni klabu yenye mawakili, idara nzima ya tiba na kamera kila kona. Wale wawili walifanya wanachotakiwa kufanya, tena wakiwa wameitwa na mwamuzi. Jiulize wewe utasimama wapi kwenye klabu ambayo mkataba wako ni karatasi moja na anayekulipa ndiye anayetaka mshambuliaji acheze kesho.

Utafiti wa muda mrefu ambao UEFA imeufanya kwenye klabu kubwa za Ulaya unaonyesha kuwa majeraha ya nyama za paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, yakafika asilimia 24 msimu wa 2021/22. Ni klabu zenye mashine za kila aina, wapishi, na vifaa vya kupima kila hatua ya mchezaji. Katika utafiti huohuo, klabu ambazo kocha mkuu na watu wa tiba hawaelewani vizuri zilikuwa na mzigo mkubwa zaidi wa majeraha. Kwa hiyo kabla hujauliza klabu ina vifaa gani, uliza kocha huwa anakula meza moja na fizio au anamtumia ujumbe kupitia meneja wa timu.

Goti ndilo linaloonyesha tofauti hii wazi kabisa. Mchezaji amefanyiwa upasuaji wa ACL, kano la mbele lililo ndani ya goti. Utafiti uliowafuatilia watu wa namna hiyo umeonyesha kwamba kila mwezi unaosogeza mbele kurudi kwake, mpaka kufikia mwezi wa tisa, unapunguza uwezekano wa goti kuumia tena kwa takriban nusu. Ukiwa kliniki, unamweleza mgonjwa hivyo, unampima, unamwambia mwezi wa saba si wakati wake, na mazungumzo yanaishia hapo. Akikataa kakataa kwa hiari yake na umeandika kwenye faili. Ukiwa kwenye timu, mwezi wa saba unaweza kukuta jina lake limeshawekwa kwenye orodha ya safari, na wewe ndiye unayeulizwa kwa nini unamchelewesha.

Kuna jambo la pembeni ambalo litakukuta ukishafungua mlango wako. Mchezaji wa timu fulani atakuja jioni, kofia imeshuka mpaka machoni, analipa taslimu na kukuomba fizio wa klabu yake asijue. Ana haki ya kuja na ana haki ya siri. Lakini watu wawili kutibu jeraha moja bila kuwasiliana ni hatari kwake: asubuhi kapewa mzigo mzito wa mazoezi kule, jioni unampa mwingine wewe. Mimi msimamo wangu ni kumwomba ruhusa nizungumze na mwenzangu. Akikataa, namsikiliza na kumshauri, ila simuongezei mzigo.

Mikono inajifunza nini

Benchi linakufundisha haraka. Hicho hakina ubishi. Uwanjani una sekunde chache za kujua kama hili ni la barafu na kusonga au ni la machela, na unajifunza kusoma uso wa mtu kabla hajafungua mdomo. Unajifunza kufunga enka kwa teipu ndani ya basi linalotikisika. Unajifunza kupanga mzigo: leo kukimbia polepole, keshokutwa kasi robo tatu, wiki ijayo kugeuka na kuruka, halafu mazoezi na wenzake bila kugusana. Na unajifunza kinga kwa watu wengi kwa wakati mmoja, kitu ambacho kliniki haikupi. Zoezi la Nordiki, lile la kupiga magoti mwenzako akakushika vifundo ukashuka mbele taratibu ukizuia kwa nyama za paja, halihitaji hata senti moja, na programu zenye zoezi hilo zimeonekana kupunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu. Wachezaji wanalichukia kwa sababu siku mbili za kwanza wanashindwa kushuka ngazi. Ukiweza kuifanya timu nzima ilifanye wiki baada ya wiki, umejifunza kitu ambacho hakuna chuo kinafundisha.

Ila benchi linakufundisha mwili wa aina moja. Kijana wa miaka 18 hadi 34, mapafu mazima, sukari iko sawa, mifupa imara, na hamu ya kupona kuliko yako. Fungua kliniki mtaani uone wanaoingia. Dereva wa lori mwenye mgongo. Mwalimu mwenye bega lililoganda, ambaye ukiuliza zaidi unakuta ana kisukari, maana viwili hivyo hufuatana mara nyingi. Mzee aliyepata kiharusi, kaletwa na binti yake. Kijana wa bodaboda aliyewekewa chuma kwenye mguu, katoka MOI, hospitali ya mifupa ya Muhimbili, wiki iliyopita na hajaambiwa lini akanyage. Maumivu ya kiuno peke yake, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, yaliwahusu watu milioni 619 mwaka 2020, na ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwapunguzia watu uwezo wa kufanya shughuli zao. Hao ndio watakaokulipia pango. Winga aliyechanika paja atakuja mara moja moja.

Na kazi yenyewe ni tofauti. Mama mmoja wa makamo, goti la kulia, anakuja kwa mara ya tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Goti linasemaje?"

"Afadhali kidogo. Mazoezi nafanya."

Usiandike "anafanya mazoezi" ukaendelea. Vuta kiti, mwambie akuonyeshe lile la kukaa na kusimama. Huyu mama akaweka mikono kwenye mapaja akajisukuma juu, ingawa wiki iliyopita alikunja mikono kifuani vizuri tu. Ukimuuliza nyumbani anafanyia wapi, jibu ni kwenye kochi la sebuleni, lile lililodidimia katikati. Kiti kifupi namna ile kinalikunja goti kupita kiasi, hawezi kusimama bila kujisukuma, linamuuma, kesho zoezi analiacha. Dawa yake haikuwa mashine wala kuchua. Ilikuwa kiti cha mezani na mto mmoja juu yake, na kumhesabia anasimama mara ngapi kwa sekunde 30 ili aone namba ikipanda wiki hadi wiki. Fizio anayetoka timu kubwa anaweza kumaliza miezi akimchua mama huyu kwa ustadi mkubwa bila kuuliza habari za kochi.

Kwa maoni yangu, misimu miwili au mitatu ya timu inamfaa kijana, lakini atangulie hospitali ya rufaa mwaka mmoja au miwili, apite wodi ya mifupa na wodi ya kiharusi. Anayeruka kutoka chuoni kwenda benchi moja kwa moja, akija kufungua kliniki anaanza upya na wagonjwa ndio wanaomlipia masomo.

Pesa

Klabu inakupa mshahara, posho za kambi na bonasi za ushindi. Klabu tajiri inalipa vizuri kuliko hospitali nyingi, na ikifika hatua za mbele za michuano ya CAF, bonasi za msimu mmoja zinaweza kununua kiwanja. Klabu za chini ni habari nyingine. Mshahara unaweza kuchelewa mpaka mnasafiri na nauli ya kukopa. Mkataba kwa kawaida ni wa msimu mmoja au miwili, na kocha mgeni mara nyingi huja na watu wake. Timu ikifungwa mechi nne mfululizo, anaondoka yeye, na wewe uliyeletwa naye unaondoka mlango uleule hata kama hakuna mchezaji aliyeumia.

Kliniki, tuhesabu kwa karatasi, na wewe uweke tarakimu za mji wako. Tuseme unatoza shilingi 30,000 kwa mara moja, unaona wagonjwa 8 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni 5,760,000. Inapendeza. Sasa toa theluthi moja, wale walioweka miadi wasitokee: imebaki 3,840,000, na pango, umeme, mshahara wa mtu wa mapokezi, mashuka, mafuta na kodi ya TRA bado. Miezi ya mwanzo huoni 8, unaona 3. Hiyo ni 2,160,000 kabla hujatoa chochote. Ndiyo maana nasema akiba ya kufungulia isiwe ya vifaa peke yake. Kitanda kizuri, bendi za mpira, uzito kidogo, kiti na ngazi ya hatua mbili vinatosha kuanza. Mashine za mawimbi na za umeme zinazong'aa kwenye picha zisubiri. Weka pesa hiyo kwenye miezi ambayo mlango utafunguka na hatakuja mtu.

Bima ni jambo la kuingia taratibu. Kuwa kwenye orodha ya watoa huduma kunaleta wagonjwa wengi, lakini malipo yanakuja baadaye, madai yanakatwa kwa kukosa sahihi, na bei si wewe unayeipanga. Machi 2024 hospitali nyingi binafsi Tanzania ziligoma kuwahudumia wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya kitita kipya cha mafao. Kenya nako NHIF yao ikaondoka na mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ikaingia Oktoba 2024, na watoa huduma wakabaki wanadai ya nyuma. Hospitali kubwa inastahimili misukosuko hiyo. Kliniki ya vitanda viwili iliyojaza wagonjwa wa bima moja tu inaweza kufunga kwa miezi mitatu ya kutolipwa. Mimi ningehakikisha zaidi ya nusu wanalipa wenyewe kabla sijasaini na bima yoyote.

Karatasi usizipuuze. Usajili wako kama mtaalamu ni kitu kimoja, usajili wa kituo ni cha pili, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi ni cha tatu. Kenya, tangu Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014, baraza ndilo linalotoa leseni, na leseni ya kufanya kazi unaihuisha kila mwaka. Klabuni kuna mtu wa utawala anayekukumbusha mambo haya. Kwako mtu huyo ni wewe, tena saa nne usiku.

Barabara na nyumbani

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na Bukoba ni mbali zaidi. Klabu ndogo inakwenda kwa basi. Mchezaji akishuka analala. Wewe ndiyo unaanza, maana miguu imevimba na mechi ni kesho. Sikukuu utazipitia kambini, Idi hata Krismasi. Kwa fizio mwanamke kwenye timu ya wanaume yapo ya ziada: chumba chake kambini kiko wapi, chumba cha tiba kina mlango unaofungwa au kitanda kimewekwa koridoni, na nani anajibu mchezaji akivuka mpaka. Yaulize kabla ya kusaini. Klabu iliyojipanga itakujibu bila kushangaa.

Kliniki inakulaza nyumbani. Lakini usidanganyike kwamba utapumzika: wagonjwa wenye pesa ya kulipa wako kazini mchana, kwa hiyo saa zako za mavuno ni alfajiri na kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Mtoto utakuwa unamkuta amelala, tofauti ni kwamba utamkuta.

Iten, ambako viwili hivi ni kitu kimoja

Wanaouliza kutoka Kenya, hasa wa riadha, hesabu yao si hii ya mpira. Pale Iten, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, mwanariadha wa kiwango cha dunia anaingia kliniki ya fizio kwa miguu yake na kulipa mwenyewe. Hana klabu ya kumlipia. Wenye mameneja wakubwa wako kambini, na kambi ina fizio wake. Peter Nduhiu amefanya kazi hiyo kwa miaka na Eliud Kipchoge na wenzake wa Kaptagat, na alikuwa sehemu ya kikosi nyuma ya mbio za Vienna za Oktoba 12, 2019, zile za saa 1:59:40. Lakini kwa kila mkimbiaji wa kambi ya namna hiyo wapo wengi ambao bado hawajashinda kitu, wanaoamka alfajiri na kukimbia kwa viatu vilivyoliwa kisigino.

Fizio wa Iten basi ana mambo ya pande zote mbili. Alhamisi fartlek, mazoezi ya kukimbia kwa kubadilisha kasi, ikishamalizika, foleni ya watu wenye nyama za mguu zilizokaza inamsubiri mlangoni. Anawaona mara nyingi kama wa timu, na hakuna kocha wa kumshinikiza isipokuwa kalenda ya mbio za Ulaya. Wanaoleta kesi ngumu ni wenye kano la kisigino na wenye mfupa wa ugoko ulioanza kupata ufa mdogo, jeraha ambalo ukilichua ukidhani ni msuli unalizidisha. Unabonyeza kwa kidole kimoja kwenye mfupa; akiruka, humgusi tena mpaka apigwe picha, na picha ya kawaida mwanzoni inaweza isionyeshe kitu.

Malipo ndiyo shida yake. Mkimbiaji anapata pesa mara mbili tatu kwa mwaka, na zawadi za mbio kubwa hazitoki mpaka majibu ya vipimo vya dawa yarudi. "Nitakulipa nikirudi" ni sentensi ya kila siku. Anayefanikiwa pale ana daftari la madeni na moyo mgumu kidogo, na pembeni ana wageni wa Ulaya waliokuja kufanya mazoezi kwenye mwinuko, ambao wanalipa siku ileile.

Jambo moja la huko liwe kwenye kichwa cha kila fizio, wa timu na wa kliniki. Kwa kanuni za WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, wewe ni mmoja wa wanaomhudumia mwanariadha na unaweza kuadhibiwa wewe binafsi. Drip ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa hata kama ndani yake ni maji na chumvi, isipokuwa hospitalini kwa sababu za matibabu zinazokubalika au kwa kibali maalumu. Mafuta yoyote ya kuchulia yasiyo na maandishi yanayosomeka usiyapake. Na kuchoma sindano si kazi yako, hata kama ombi limetoka kwa mchezaji au kwa mwenyekiti wa klabu.

Jina

Watu wengi hudhani ukishakaa na nyota, kliniki itajaa yenyewe. Inasaidia, lakini jina la aina hiyo hujengwa polepole. Gary Lewin aliingia Arsenal akiwa golikipa kijana, akasomea fiziotherapia, akawa fizio wa kikosi cha kwanza kuanzia 1986 mpaka 2008, kisha timu ya taifa ya England, akawa pia na kliniki yake ya majeraha ya michezo. Hapo ni miaka zaidi ya ishirini klabu moja. (Ni huyohuyo aliyeumia vibaya enka akishangilia bao la England dhidi ya Italia kule Manaus, Juni 2014, akabebwa na machela. Kazi hii ina kejeli zake.)

Kwetu jaribu kubwa ni picha. Ukimtibu mchezaji maarufu, simu inakuwasha mkono uweke mtandaoni. Jeraha lake ni siri yake, na bei yake sokoni inategemea siri hiyo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti. Tena picha hiyo haileti unayemtaka: mama wa goti akiona ukurasa wako umejaa wanasoka anafikiri hapo si pa watu wa umri wake. Kliniki za mtaani zinajazwa na mgonjwa mmoja aliyepona akamwambia mwenzake kanisani au msikitini, na daktari wa mifupa anayekuletea rufaa kwa sababu huwa unamwandikia barua ya kumweleza mgonjwa wake amefikia wapi.

Nani aende wapi

Kama hujafika miaka thelathini, huna majukumu mazito, umeshapita wodini na unaweza kumwambia mtu mzima "hapana" mbele ya watu bila sauti kutetemeka, nenda timu. AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, viwanja vinajengwa, na kazi za muda za mashindano zitakuwepo. Zichukue kwa uzoefu, usiache ajira kwa ajili yake maana mashindano ni ya wiki chache. Kama unaogopa ugomvi, timu itakumaliza, na atakayeumia zaidi ni mchezaji utakayemruhusu arudi mapema.

Kama uko benchini na unaona umeanza kuchukia siku ya mechi, anza kliniki sasa, usisubiri mkataba ukatike. Njia ya katikati ipo na ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kliniki yako iwe nguzo, timu ikuajiri kwa siku za mechi na siku mbili za mazoezi. Klabu nyingi za kati haziwezi kumlipa fizio mzuri wa kudumu, lakini zinaweza kumlipa nusu. Ukisaini mkataba wa namna hiyo, au hata wa kudumu, hakikisha vipengele vitatu vimeandikwa: kwamba unaruhusiwa kuona wagonjwa binafsi siku zako za mapumziko, kwamba ruhusa ya mchezaji kurudi uwanjani baada ya jeraha inatolewa kwa maandishi na wewe au daktari, na kocha akimchezesha bila ruhusa hiyo asaini yeye, na kwamba mkataba ukivunjwa kwa sababu kocha ameondoka, unalipwa angalau miezi miwili. Kipengele cha pili ndicho watakachobishana nacho. Wakikikataa kabisa, umeshajua kazi yenyewe itakuwaje.